Risasi Iliyochelewa Sekunde Mbili

Nyumbani kwa Bi Kucera, ghorofa ya tatu,
Chicago, Illinois.
Jumapili, 17 Machi 1946

Mpendwa Shangazi Borghild,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako yote miwili, maana ile ya mwisho uliiandika ukiwa umekaa, mguu juu ya kigoda, kwa ajili ya teke la yule ng'ombe mwenye kichaa. Je, goti limepungua uvimbe? Na Mjomba Anders, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko? Mwambie asitoke nje bila ile skafu, hata kama anaenda bandani tu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mafua yaliyonikamata Januari yameondoka bila kuniaga.

Mkate wa viazi ulifika salama, ila kingo zilikuwa zimevunjika kidogo. Bi Kucera, mwenye nyumba wangu, aliuonja akasema kwao hawana kitu cha namna hiyo, kisha akaonja tena ili ahakikishe kwamba kweli hawana. Soksi nazo zilifika. Nitakueleza huko mbele kazi zilizofanya, na nadhani utacheka hata kama umenikasirikia.

Najua umenikasirikia. Barua yako nimeisoma mara nne. Umeniambia wanajeshi wamerudi na wana haki ya kazi zao, kwamba msichana anayeng'ang'ania nafasi ya mwanamume aliyetoka vitani hana tofauti na mwizi, na kwamba Halvor Lien, ambaye mkewe alifariki mwaka juzi, ana nyumba nzuri, jiko jipya na watoto watatu wanaohitaji mama. Umeniambia pia mchungaji amesema michezo yetu ya redio inafundisha watu kuua.

Jibu langu ni hapana, Shangazi. Sirudi, na Halvor simtaki. Nimelitanguliza jibu ili usije ukasoma ukurasa baada ya ukurasa ukitumaini. Ni mtu mwema, sina neno naye, lakini jiko lake jipya alipikie mwenyewe. Na mchungaji umwambie kwamba katika mchezo wetu kila Alhamisi muuaji hukamatwa kabla ya saa mbili kamili, wakati Kaini aliachwa aende zake akajenga mji. Tena muulize alijuaje yaliyomo kama hausikilizi.

Lakini hilo la wizi limenichoma, na sitalijibu kwa mzaha. Ngoja nikueleze lilivyotokea, kisha uniite jina utakalo.

Unakumbuka mwaka arobaini na mbili nilikuwa napiga taipu tu pale kituo cha redio. Mtengeneza vishindo wa mchezo wetu, yule anayetoa milio yote isiyo maneno, Lyman Crouse, aliitwa jeshini siku ya Jumanne, na mchezo ulikuwa Alhamisi. Mtayarishaji, Bwana Haddix, alinivuta kutoka kwenye taipu nimshikie mlango kwa jioni moja. Mlango wenyewe ni mlango hasa, na fremu yake, uko juu ya magurudumu katikati ya studio, na nyuma yake hakuna chumba. Jioni hiyo moja ikawa miaka mitatu na nusu.

Nimejifunza kazi hii kwa mikono yangu. Ukikanyaga theluji redioni, hiyo ni mimi nabinya mfuko wa ngozi uliojaa wanga. Kisu kikiingia mwilini, kinaingia kwenye kabichi, na jioni hiyohiyo kabichi hilo Bi Kucera analipika supu. Ile bawaba yenye kutu niliyokuomba uing'oe kwenye banda la kuku ndiyo inayolia kila muuaji anapoingia. Watu wa majimbo arobaini na nane wametetemeka kwa sababu ya banda lako la kuku, na wewe hujui.

Basi Januari, Lyman akarudi. Bwana Haddix aliniita akaniambia kwamba nafasi ni ya Lyman, kwamba kampuni inanishukuru kwa kusaidia wakati wa vita, na kwamba karatasi yangu ya kazi ikiisha mwishoni mwa Februari nitaweza kurudi kwenye taipu, kama nafasi itakuwepo. Nilimuuliza kwa nini tusifanye kazi wawili, maana tangu zamani mchezo ule ulihitaji mikono minne. Alisema mwanamke kwenye vishindo ni jambo la vita, na vita vimekwisha.

Nilimjibu kwamba nitakuja kila siku mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi yangu, na baada ya hapo tutaonana. Nikaenda nikatundika koti langu pale ninapolitundika siku zote.

Nilijiandaa kumchukia huyo Lyman. Shangazi, nilishindwa. Ni mtu mrefu, mpole, anasema "samahani" hata akigonga kiti. Na miguu yake! Mimi nikitembea kwenye sanduku la changarawe la kutolea sauti za hatua, unasikia mtu anatembea. Yeye akitembea unasikia mzee aliyechoka, au mwanamke mwenye haraka, au mtu aliyetoka kufanya jambo baya na anajaribu kutembea kama hajalifanya. Nilikaa chini nikamsikiliza kama mwanafunzi. Naye aliponiona navunja kioo, akaniomba nirudie, akasema kabla ya vita yeye hakuwahi kukivunja vizuri hivyo.

Kitu kimoja tu hakikuwa sawa. Mchezo wa kwanza wenye risasi tangu arudi ulikuwa bado mbele, lakini kila mazoezi yake yalipofika mahali pa risasi, Lyman alikuwa na sababu. Mara zile risasi za baruti tupu zimebaki chache, tuzihifadhi. Mara bastola ina mchanga. Alikuwa akisema tu kwa mdomo, "hapa risasi," na waigizaji wakaendelea.

Jumatatu moja mchana tulikuwa wawili peke yetu, bati kubwa tunalolitikisa kutoa sauti ya radi likachomoka kwenye ndoano yake likaanguka sakafuni. Nilipogeuka, Lyman hakuwepo. Alikuwa chini ya meza, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, na alikuwa anasema jina la mtu, lilelile, tena na tena. Sikujua nifanye nini. Nilikaa sakafuni karibu naye, sikumgusa, nikawa namwambia siku ya leo na jina la mtaa, na kwamba lililoanguka ni bati. Baada ya muda mrefu akatoka.

"Ragna," aliniambia, "usiwaambie. Watanirudisha hospitali. Nikirudi kule sitoki."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo panapohusu wizi. Nilikuwa nimeshika mkononi kitu ambacho kingenirudishia kazi yangu siku hiyohiyo. Neno moja kwa Bwana Haddix lingetosha. Hata neno halikuhitajika, ningenyamaza tu. Pearl, mpiga kinanda wetu, mama wa makamo ambaye huona hata yaliyo nyuma ya mgongo wake, alikuwa ameshahisi. Alinivuta pembeni akaniambia, "Kaa kimya, mwanangu. Alhamisi ijayo mchezo una risasi. Atajifukuza mwenyewe."

Sitakudanganya kwamba wazo hilo halikunipendeza. Lilinipendeza kutwa nzima. Nilikwenda nalo sokoni, nikalinunulia kabichi. Lakini nilipofika nyumbani nilijiona nimesimama jikoni kwa Bi Kucera nikiwa nasubiri mtu avunjike ili nipate pa kukaa, na nikasema hapana. Kama nitaikamata kazi hii, nitaikamata mbele ya macho ya watu. Sitaiokota chini ya meza.

Kesho yake nikapatana na Lyman. Yeye atachukua hatua na milango, mimi nitachukua bastola na kila kinacholia kwa ghafla. Hakuna mtu atakayejua, maana kwenye redio nani anaona?

Mchezo wa Alhamisi hiyo, tarehe ishirini na moja Februari, ulikuwa wa kusimamisha nywele kichwani. Mwanamke mshonaji anaishi juu ya duka la saa. Anagundua kwamba mpangaji wa chini ndiye aliyemuua kaka yake, na mpangaji naye anagundua kwamba amegunduliwa. Anapanda ngazi. Ngazi kumi na saba, msikilizaji anazihesabu moja moja. Mwanamke ana bastola ya kaka yake, lakini mpangaji naye anayo yake. Mlango unafunguka. Risasi moja. Kisha kimya, mpaka mmoja wao atakapozungumza ndipo ujue nani amekufa. Unaona, Shangazi? Risasi ile ikikosekana, hakuna mchezo. Na mchezo unakwenda hewani papo hapo, haurudiwi.

Saa tisa alasiri Bwana Haddix akaja kuniambia nisiingie studio jioni hiyo. Wadhamini, watu wa kampuni ya sabuni, watakuja na wake zao kutazama kutoka nyuma ya kioo cha studio, na hakutaka waone mwanamke aliyevaa suruali anakimbia huku na huku na makabichi. Nilimwambia lazima niwemo. Akauliza kwa nini. Sababu nilikuwa nayo, lakini haikuwa yangu kuitoa.

Lyman alisikia. Alikuwa mweupe kama unga. Aliniambia ataweza, ni baruti tupu, ni mlio tu.

Saa moja na nusu taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Taa ile ikiwaka, hata mwenye kituo haingii. Nilisimama ukumbini nikitazama kupitia kidirisha cha mlango. Yote yalikwenda vizuri. Pearl alipiga kinanda mpaka nikasahau kwamba naujua mwisho. Dakika ya ishirini na nne, mpangaji akaanza kupanda ngazi, na Lyman akaanza kukanyaga vibao vinavyotoa sauti ya ngazi. Ngazi ya tano, ya sita. Ndipo nikaona mkono wake. Alikuwa ameichukua bastola mapema ili iwe tayari, na mkono ulikuwa unatetemeka mpaka kiwiko. Miguu inapanda, mkono unakataa. Ngazi ya tisa jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

Nilivua viatu. Nilisukuma mlango chini ya taa nyekundu, na haukulia, kwa sababu bawaba za mlango ule nilikuwa nimezitia mafuta mwenyewe. Nikavuka studio nzima nimevaa soksi zako. Sakafu ya mbao, maikrofoni tatu, na hakuna aliyesikia hata unyayo. Kwa sufu ya kondoo wako, Shangazi, ningeweza kupita mbele ya mbwa aliyelala.

Ngazi ya kumi na saba. Bawaba ya banda la kuku ikalia, mlango ukafunguka. Lyman alinyanyua bastola akaganda. Alikuwa hayupo Chicago tena. Kumnyang'anya bastola sikuweza, alikuwa ameibana kwa vidole vyote. Sekunde ya kwanza ikapita kimya. Sekunde ya pili. Waigizaji walikuwa wananitazama kama watu wanaozama. Nikaona kiti chenye mto wa ngozi, nikaona rula ndefu ya Pearl juu ya kinanda. Nikaichukua nikaupiga ule mto kwa nguvu zangu zote na hasira zangu zote tangu Januari.

Mlio wake, Shangazi, ulikuwa risasi kuliko risasi.

Mwigizaji wa kike akavuta pumzi, akasema maneno ya kumalizia mchezo, na Pearl akafunga kwa kinanda. Mimi nilikuwa nimeshamshika Lyman kwa mabega nikimgeuzia ukutani, ili wale wa nyuma ya kioo wasimwone uso.

Wadhamini walifurahi kupita kiasi. Mmoja wao alisema zile sekunde mbili za kimya kabla ya risasi zilimsimamisha moyo, akataka kujua nani alizibuni. Bwana Haddix alisema ni yeye. Kisha akaniona nimesimama pale nimevaa soksi, rula mkononi, na akaelewa yote.

Kesho yake asubuhi alituita ofisini wote wawili. Hakupiga kelele. Alimwambia Lyman kwamba anasikitika, lakini mtu asiyeweza kufyatua bastola hana kazi kwenye mchezo wa mauaji, aende akapumzike. Kisha akanigeukia mimi kana kwamba ananipa zawadi. Akasema nafasi ni yangu. Nitaendelea kama nilivyokuwa, ila siku za wageni nitakaa nyuma ya pazia.

Hiyo hapo, Shangazi. Kazi niliyoitaka, imewekwa mezani, na mwenye kazi ameketi kando yangu akitazama viatu vyake. Kama ningekuwa mwizi, siku ya kuiba ilikuwa hiyo.

"Bwana Haddix," nilimwambia, "sikuvua viatu jana ili nimpokonye mtu kazi. Nilivua ili mchezo usife. Utatuchukua wawili, na hakuna pazia. Au tafuta mwingine."

Alicheka. Aliponiona sicheki, alisema nje kuna foleni ya wanaume wanaoitaka nafasi hiyo. Nikamwambia awaite, lakini waje na mlango wao, maana ule wa kwanza ulikufa zamani, na huu wa sasa niliutengeneza mwenyewe kwa mbao zangu, na sanduku la changarawe, na mfuko wa wanga, na bawaba ya shangazi yangu. Lyman alinyanyua uso kwa mara ya kwanza.

Tulivitoa vyote mchana kweupe. Vidogo tulivipakia kwenye mkokoteni alioazima Lyman kwa muuza makaa, na mlango tukausukuma kwa magurudumu yake, tukashuka nao barabarani kwenye tope la theluji. Watu wakasimama kutazama. Pale kwenye daraja la mto, polisi akatusimamisha, Mwairishi mnene mwenye masharubu mekundu.

"Mnaupeleka wapi mlango huo?"

"Nyumbani," nilisema.

"Nyumba iko wapi?"

"Bado tunaitafuta," alisema Lyman.

Polisi akauzunguka mlango, akaufungua, akachungulia upande wa pili, akatukuta palepale. Aliufunga taratibu, akavua kofia, akatupisha. Lyman akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka tukashindwa kusukuma. Sikuwa nimemsikia akicheka kabla ya siku hiyo.

Usidhani nilikuwa jasiri wiki ile yote. Mlango ulisimama kwenye ujia wa Bi Kucera, kila mpangaji akiufungua na kuufunga ili apite, na mimi nilikuwa chumbani najiuliza kama sikuitupa riziki ya watu wawili kwa ajili ya ulimi wangu. Barua yako ilifika siku hizo hizo. Nilikaribia kukujibu kwamba nakuja. Nilishaandika hata "Mpendwa Shangazi, umeshinda." Nikaichana.

Alhamisi iliyofuata tulikaa jikoni, mimi, Lyman na Bi Kucera, tukasikiliza. Vishindo alivifanya karani wa ofisini. Muuaji alitembea kama ng'ombe anayetoka zizini. Mwigizaji alisema, "Nani amevunja dirisha?" na baadaye ndipo dirisha likavunjika. Mwanamke alikabwa koo kwa sauti ya mtu anayekamua nguo. Bi Kucera alicheka hadi akaegemea jiko. Sisi hatukucheka. Lyman alikuwa ameshika kichwa, anasema kwa uchungu, "Hapana, hapana, kisigino kwanza." Hapo nikajua kwamba hata wasipotuita kamwe, sikukosea. Kazi ile ni yetu sote wawili, na mtu hawezi kuona aibu kwa ajili ya kitu kisicho chake.

Jumatatu, tarehe nne Machi, Bwana Haddix alikuja mwenyewe. Alipanda ghorofa tatu akihema, akapitia kwenye mlango wetu maana hakuna njia nyingine, na bawaba ikamlilia. Bi Kucera hakumpa kiti. Alisimama katikati ya nguo zinazoanikwa, kofia mkononi, akasema wadhamini wamepiga simu, na wasikilizaji wameandika barua, na wengine wameuliza kama ule ulikuwa mchezo wa kuchekesha.

Alijaribu tena kunichukua peke yangu. Nilikataa. Akasema basi wawili, lakini mimi nitaitwa msaidizi. Nilikataa. Akauliza kama nadhani nitaipata wapi kazi nyingine kwa kichwa kigumu hivyo. Nilimwambia sijui, na kwamba kutojua hakunitishi kama anavyofikiri. Lyman, yule mpole, ndiye aliyemaliza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye risasi haziwezi, huenda asiziweze tena maishani, na haoni haya kulisema. "Ragna anaziweza. Mimi naweza kutembea. Ukituweka pamoja una mtu mmoja mzima, na hapa Chicago huna mwingine."

Bwana Haddix alivaa kofia yake. "Mwanamke mkaidi kama wewe sijapata kumwona."

"Hujafika kwetu Dakota Kaskazini," nilimwambia.

Kwa hiyo tumerudi, wote wawili, mpaka Juni. Baada ya Juni hajui, na mimi sijui, na huenda akajaribu kututoa tena. Ajaribu. Sasa hivi nasimama mbele ya kile kioo cha wageni na suruali yangu, na wake za wadhamini huja mapema ili waone kabichi likichomwa kisu.

Umeniambia wanaume wamerudi na wanahitaji mahali pao. Ni kweli, wanahitaji, na mmoja wao nimemwona chini ya meza. Lakini hakuna aliyemsaidia kwa kuniondoa mimi. Waliomtaka arudi kama alivyokuwa ndio waliotaka kumtupa walipoona hakurudi hivyo. Wewe mwenyewe, Mjomba alipovunjika mgongo mwaka ule wa ukame na vumbi, ulipanda trekta ukalima ekari zote, na hakuna aliyekuita mwizi wa jembe lake. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilikuletea maji. Kama sikupaswa kujifunza, ungefunga pazia.

Jambo moja zaidi halafu nikuache upumzishe mguu. Tumepatana, mimi na Lyman, kwamba nikikaribia kufyatua namgusa bega, ili isimjie ghafla. Mara ya kwanza tuliporudi, tarehe saba, nilimgusa, naye akasimama wima, akafumba macho, akashika ukingo wa meza mpaka mlio ulipopita. Hatua tatu zilipotea hewani. Hakuna aliyegundua isipokuwa sisi. Alhamisi hii iliyopita mchezo ulikuwa mgumu zaidi. Mtu anakimbia kwenye changarawe na mwingine anamfyatulia risasi kwa nyuma, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kusimama. Nilimuuliza kama tumwombe Bwana Haddix aubadilishe. Alisema tusimwombe kitu.

Alianza kukimbia. Nilisogea nyuma yake, nikamgusa bega, nikahesabu moja, mbili, nikafyatua. Mikono yake ilitetemeka, niliiona, aliikumbatia kifuani kama mtu mwenye baridi. Lakini miguu iliendelea kukimbia, Shangazi. Haikukosa hatua hata moja.

Nisalimie Mjomba Anders, na Binamu Torvald na mkewe Inga, na mtoto wao mpya ambaye bado hamjaniambia jina. Msalimie Bibi Gudrun, umwambie kwa sauti kubwa kwenye lile sikio la kulia. Halvor naye msalimie kwa heshima, na umpe ukweli wote bila kuupaka sukari. Mungu akulinde goti na akulinde moyo, aibariki mbegu mtakayopanda, na awape mvua kwa wakati wake.

Mimi ni wako nikupendaye, hata siku unayoninunia,

Ragna Tveit